Kwa nini marumaru hubanduka kwenye meza ya mbao, na jinsi ya kuzifanya zikae

Meza ya mbao ikishachoka usoni, yaani sufuria la moto limeacha duara jeusi, visu vimekwangua na vanishi imebaki mabakamabaka, kwa kawaida inasubiri moja kati ya mambo mawili: randa ya seremala au shoka la kuni. Siku hizi kuna njia ya tatu ambayo watu wengi wanaipenda. Unachukua mabaki ya marumaru yaliyotupwa baada ya ujenzi, unayavunja vipande vidogovidogo, unavipanga juu ya meza kama picha, kisha unaziba nafasi kwa saruji nyeupe. Kazi ya namna hii huitwa mozaiki. Inapendeza, malighafi yake kubwa ni ya bure, na inaokoa mbao ambazo leo kuzipata ni shughuli.

Shida huanza miezi michache baadaye. Nyufa nyembamba zinatokea kwenye saruji, vipande viwili vitatu vinaanza kulia "kwa kwa" ukivigonga kwa kidole, halafu asubuhi moja unafuta meza na kipande kinakuja na kitambaa. Fundi atalaumu gundi. Mwenye meza atamlaumu fundi. Mara nyingi wote wawili wanakuwa wamemkosa mhusika mwenyewe, ambaye ni mvuke wa maji uliomo hewani.

Tuchukue mfano wa Mashewa, wilaya ya Korogwe mkoani Tanga, upande wa bonde la Lwengera, lile linalotenganisha Usambara ya Magharibi na Usambara ya Mashariki. Kule kuna masika ya kuanzia Machi hadi Mei, kuna vuli ya Oktoba hadi Desemba, na katikati kuna Januari na Februari ambapo jua linawaka kweli. Nyumba nyingi zina matundu ya kupitisha hewa juu ya madirisha, hivyo unyevu wa nje ndio huohuo wa sebuleni. Meza iliyopo ndani ya nyumba kama hiyo inapitia mabadiliko ya hewa mwaka mzima, na inayajibu kwa mwili wake.

Inayajibu vipi? Ukikata mti na kuutazama kwa darubini utaona seli ndefu zilizosimama pamoja kama fungu la mirija ya kunywea soda. Maji ndani ya mti hukaa sehemu mbili. Kuna yale yaliyo ndani ya tundu la mrija, na kuna yale yaliyojibana ndani ya kuta za mrija zenyewe, kati ya nyuzi za selulosi. Mbao mbichi inapokauka, maji ya kwenye tundu ndiyo hutoka kwanza, na yakitoka mbao inapungua uzito tu, haisinyai. Inapofika unyevu wa kama asilimia 30, tundu zimeshakuwa tupu na kuta bado zimeshiba. Kuanzia hapo kwenda chini, kila tone linalotoka linatoka ukutani, nyuzi zinasogeleana, na ubao unasinyaa. Hewa ikirudi kuwa na unyevu, selulosi inayavuta maji tena na ubao unavimba.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulichukulia sivyo. Husemwa kwamba mbao ya zamani "imeshatulia", kwamba meza ya babu haiwezi tena kucheza. Mbao ya zamani imetulia kwa maana kwamba haina tena maji mengi ya kupoteza kwa mkupuo, na kwa hiyo haitajikunja vibaya kama mbao mbichi. Lakini selulosi haizeeki kiasi cha kusahau maji. Itaendelea kuvimba na kusinyaa kadiri hewa inavyobadilika, hata ikiwa na miaka hamsini.

Tena haivimbi sawa pande zote. Kwa urefu wa nyuzi, ubao karibu haubadiliki kabisa. Kwa upana ndiko kwenye mambo, na inategemea ulivyopasuliwa. Vipimo vya msaji, ambao wengi wetu tunauita mtiki na ambao serikali inaupanda pale Longuza wilayani Muheza, vinaonyesha kwamba ubao ukitoka unyevu wa kushiba hadi kukauka kabisa, husinyaa kama asilimia 5.8 ukifuata mzunguko wa pete za mti, na asilimia 2.5 tu ukielekea kutoka kwenye kiini kwenda kwenye gome. Mvule ni kama asilimia 3.8 na 2.8. Kwa vipimo vya dunia hizi ni mbao tulivu sana, na ni moja ya sababu mafundi wa pwani wamezipenda kwa milango na vitanda. Utulivu huo, hata hivyo, una mwisho wake.

Tupige hesabu. Hewa yenye unyevu wa asilimia 65 huifanya mbao itulie kwenye unyevu wa karibu asilimia 12. Hewa ikifika asilimia 80 na kukaa hapo, mbao itapanda hadi karibu 16. Ni tofauti ya nukta 4. Kwa msaji uliopasuliwa kufuata pete, asilimia 5.8 ukiigawanya kwa zile nukta 30 unapata kama 0.19 kwa kila nukta, kwa hiyo nukta 4 ni karibu asilimia 0.77. Meza yenye upana wa sentimita 60 itaongezeka milimita 4 na nusu hivi. Meza ya mvule ingeongezeka kama milimita 3. Vanishi nzuri inapunguza kasi ya mvuke kuingia, kwa hiyo mabadiliko ya wiki moja hayafiki ndani, lakini msimu mzima wa mvua unatosha kufika.

Sasa weka marumaru juu yake. (Kwa haki, marumaru halisi ni jiwe. Hivi tunavyonunua dukani ni vigae vya udongo vilivyochomwa kwenye joto la zaidi ya digrii 1,000, vingi siku hizi vikitoka viwanda vya Mkuranga na Chalinze. Lakini mtaani ni marumaru, na nitaendelea kuziita hivyo.) Udongo uliochomwa hivyo haujali msimu. Joto likipanda digrii 10, safu ya marumaru ya sentimita 60 itarefuka kama milimita 0.04, yaani chini ya unene wa unywele wa kawaida. Kwa hiyo chini kuna kitu kinachotembea milimita 4 na nusu, juu kuna kitu kisichotembea, na katikati umeweka gundi na kuitegemea ivumilie.

Ukielewa hilo unaweza kuisoma meza iliyoharibika na kujua ilitengenezwa lini. Kama marumaru zilibandikwa wakati wa masika, ubao ulikuwa umevimba. Ukija kusinyaa Januari, marumaru zinasukumana, hazina pa kwenda, na zinainuka katikati kama paa la nyumba. Kama zilibandikwa wakati wa kiangazi, mvua zikija ubao unatanuka, marumaru zinavutwa kila moja upande wake, na saruji iliyo katikati inapasuka. Saruji ni hodari ukiikandamiza lakini ni dhaifu mno ukiivuta. Nguvu yake ya kuhimili mvuto ni kama sehemu moja ya kumi ya ile ya kuhimili mgandamizo. Ndiyo maana nyufa hutokea mapema kuliko kuinuka.

Hivi, wazee wa pwani hawakulijua hili? Walikuwa na vyombo vya kung'aa na walivipachika kila mahali. Makaburi ya zamani ya Kunduchi yalipambwa kwa sahani na bakuli za Kichina zilizozamishwa kwenye lipu ya chokaa, na Tongoni, kusini kidogo ya mji wa Tanga, ukitazama makaburi yenye minara utaona mashimo ya duara pale vyombo vilipokuwa. Lakini pale chini ni mawe ya matumbawe na chokaa, vitu visivyovimba na masika. Kwenye mbao walifanya tofauti. Tazama vitanda vya samadari vya Unguja, vile ambavyo ubao wa kichwani una vigae vyenye maua. Kigae kinakaa ndani ya fremu yake, kimeshikwa pembeni, na hakikubandikwa kwenye ubao mpana mmoja pamoja na wenzake ishirini. Mlango wa paneli unaotengenezwa na seremala yeyote wa Korogwe unatumia akili hiyohiyo: paneli inaingia kwenye mfereji wa fremu bila gundi, ili ivimbe na kusinyaa humo humo. Fundi anayeitia gundi paneli kwa kudhani anaiimarisha ataiona imepasuka katikati.

Basi njia ni kuuacha ubao utembee. Kuushika kwa nguvu hakuwezekani, maana mbao inayovimba ina nguvu ya ajabu. Zamani watu walipasua mawe kwa kugongelea kabari za mbao kavu kwenye ufa na kuzimwagia maji.

Jambo la kwanza linalosaidia ni udogo wa vipande, na hapa mozaiki ina faida ya kweli, sio urembo tu. Fikiria marumaru mbili za sentimita 30 zilizokaa kwenye upana wa meza yetu. Ubao chini ya kila moja unasogea milimita 2.3, na kwa kuwa katikati ya kigae hakusogei, kila ukingo unavutwa zaidi ya milimita moja. Gundi yenye unene wa milimita 2 haiwezi kukatwa kiasi hicho ikabaki nzima. Vunja marumaru hizohizo kuwa vipande vya sentimita 2 na nusu: kila kipande kina milimita 0.19 chini yake, na kila ukingo unavutwa chini ya milimita 0.1. Hapo gundi inayonyumbulika inaweza kuhimili. Mwendo ni uleule, ila umegawanywa kwa vipande 24.

Vipande vidogo, hata hivyo, havimalizi tatizo. Milimita 0.19 kwenye kila ufito wa saruji wenye upana wa milimita 2 ni karibu asilimia 10 ya upana wake, na saruji kavu hupasuka ikivutwa hata asilimia 0.1. Kwa hiyo ukibandika mozaiki moja kwa moja juu ya ubao mpana, vipande huenda vikabaki, lakini nyufa utaziona. Maji ya chai yatapita humo, yatalowesha ubao, na ubao utavimba zaidi palepale.

Kinachomaliza tatizo ni kuweka plaiwudi katikati. Plaiwudi ni karatasi nyembamba za mbao zilizobandikwa zikikatizana, moja nyuzi zake zikienda kushoto na kulia, inayofuata zikienda mbele na nyuma. Kila karatasi ikitaka kuvimba kwa upana inazuiwa na jirani yake, ambaye upande huo ni urefu wa nyuzi na hautembei. Matokeo yake plaiwudi hubadilika kidogo sana pande zote mbili. Ukibandika mozaiki kwenye plaiwudi, kisha plaiwudi ukaiacha iteleze juu ya meza, umeshawatenganisha wagomvi.

Neno "iteleze" ndilo watu hulipuuza. Ukiigundisha plaiwudi kwenye meza umerudi ulikotoka, tena pengine utaipinda meza nzima. Inafungwa kwa skrubu kutoka chini ya meza. Kwenye mstari wa katikati, unaofuata urefu wa nyuzi, toboa tundu za kawaida na ukaze. Kwa skrubu za pembeni, tundu la kwenye meza liwe refu, kama punje ya mchele iliyolala kukatiza nyuzi, na weka washa chini ya kichwa cha skrubu. Kaza hadi ishike, kisha irudishe robo mzunguko. Plaiwudi ya milimita 9 au 12 inafaa. Pima skrubu isije ikatokeza juu. Kata plaiwudi iwe ndogo kuliko meza, na kama unataka fremu ya mbao kuzunguka, acha nafasi ya milimita 3 au 4 kati ya fremu na marumaru za pembeni. Nafasi hiyo usiijaze saruji. Jaza silikoni, ambayo inavutika kama raba.

Kabla ya hayo yote, ipime meza kama inastahili. Marumaru yenye unene wa milimita 8 ina uzito wa karibu kilo 18 kwa kila mita moja ya mraba. Meza ya sentimita 60 kwa 100 itaongezewa kilo 11 hivi, bado plaiwudi na gundi. Ikiwa miguu inacheza, ifungue maungio na uyagundishe upya kwanza. Gonga kila sehemu; inayotoa sauti ya uwazi au unga laini ina wadudu, na marumaru zitawafichia tu. Na ukigundua kwamba chini ya uchafu kuna mninga wenye mistari mizuri au mvule mzima, mimi ningesema acha. Piga msasa, paka mafuta, iache ionekane. Mozaiki iende kwenye meza ambayo uso wake umeshaharibika kweli. Viti nisingevigusa kabisa, kwa sababu kiti kinapindapinda kila mtu anapokaa.

Kuna sababu nyingine ya kutopaka saruji mbichi juu ya mbao tupu, na hii ni ya kikemia. Watu husema saruji "inakauka". Haikauki, inashikamana kwa kuungana na maji, na inahitaji maji hayo kwa siku kadhaa. Mbao tupu inayanyonya kabla saruji haijamaliza kazi, hivyo tabaka linalogusana na ubao linabaki ungaunga. Zaidi ya hapo, sukari na dawa za asili zilizomo kwenye mbao huchelewesha saruji kushika. Nayo saruji mbichi ina ualikali mkali, pH ya zaidi ya 12, ambao huzitia madoa meusi mbao zenye tanini na huchubua vidole vya fundi asiyevaa glavu. Kwa meza ya ndani, gundi nyeupe ya mbao ya aina isiyoogopa maji inatosha kushika vipande kwenye plaiwudi. Kwa meza ya barazani inayopigwa na mvua ya upepo, tafuta gundi ya marumaru iliyochanganywa polima, na paka vanishi kingo zote za plaiwudi, maana maji huingilia huko.

Angalia pia mgongo wa marumaru. Dondoshea tone la maji. Likinywewa haraka, hiyo ni marumaru ya ukutani. Udongo wake hunyonya zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake na gundi yoyote itaingia kwenye vitundu vyake. Tone likikaa juu kama shanga, hiyo ni aina ngumu ya sakafuni, inayonyonya chini ya asilimia 0.5. Gundi nyeupe haina pa kung'ang'ania hapo. Ikwangue mgongo au tumia gundi ya polima. Ukichanganya aina mbili kwenye meza moja, ambavyo ndivyo hutokea ukiokota mabaki, ile ngumu ndiyo itakayobanduka kwanza.

Katika kuvunja, iweke marumaru ndani ya gunia, uso ukiwa chini, uigonge kwa nyundo, na vaa miwani. Watoto wakae mbali, vikali vyake ni kama chupa. Grainda bila maji ninaiogopa. Vumbi lake lina silika, chembe ndogo sana zinazofika ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu yasiyopona. Ugonjwa wake ni silikosisi, uleule wa wachimbaji wa migodini. Meza moja haitakuua. Kijana anayeifanya kazi hiyo kila siku katika kibanda kisicho na hewa ndiye mwenye hatari. Mwagia maji wakati wa kukata, na usifagie vumbi kavu. Tahadhari ileile iende kwenye kukwangua rangi ya mafuta ya zamani, ambayo huenda ina madini ya risasi: ilowanishe kwanza, na mabaki yake yasiachwe uwanjani kuku na watoto wanapochezea.

Vipande vikishashika kwa siku moja au mbili, changanya saruji nyeupe iwe kama uji mzito, ikandamize kwenye nafasi kwa kipande cha raba, ngoja ianze kugoma, kisha futa kwa sponji iliyokamuliwa. Usiianike juani. Ifunike kwa nailoni siku mbili au tatu ili maji yake yasikimbie. Usitumie gunia la maji kama kwenye zege, kwani huku chini kuna mbao.

Mwisho geuza meza. Upande wa chini, ambao hakuna anayeuona, upake vanishi mara mbili. Juu kumezibwa na marumaru, na chini kukiachwa wazi, unyevu utaingia upande mmoja tu. Uso wa chini utavimba kuliko wa juu na kingo za meza zitanyanyuka kama za sahani. Ukitaka kuchagua msimu, Juni au Julai panafaa kwa Mashewa: masika yameshapita, kiangazi cha Januari bado kiko mbali, na ubao uko katikati ya safari yake, hivyo utakuwa na nafasi ya kwenda pande zote mbili.